Kikohozi cha Lori la Chundwa

Tangu nirudi Nakuru, kila anayeingia gereji anataka kujua yaliyonipata kisiwani, na kila mmoja anataka nianzie pale anapopataka yeye. Nimechoka kusimulia vipandevipande huku nimelala chini ya gari la mtu. Basi nimeyaandika yote mara moja. Atakayecheka acheke, lakini asome hadi mwisho, kwa sababu mwishoni mimi sikucheka sana.

Nakuru hadi Mokowe

Habari iliyonitoa nyumbani ilikuwa fupi. Mwalimu mmoja wa kwetu anayefundisha Chundwa, katika kisiwa cha Pate, alinipigia simu akasema kina mama wa kule wana lori kuukuu la dizeli. Likiwa njiani linasita, linarukaruka, linakohoa kama linataka kuzima, na mafundi watatu wameshindwa nalo. Hapo kwenye "wameshindwa" ndipo aliponimaliza. Mnanijua. Mtu akisema gari limewashinda wengine, mimi huwa nimeshashika spana kabla hajameza mate.

Nilibeba sanduku langu lote la vyuma. Mke wangu aliniuliza kama nahama. Nikamwambia fundi haendi mbali na spana mbili, akarudi jikoni kwa namna ile ambayo waliooa wanaijua.

Hadi Mombasa hapakuwa na neno. Shida ilianza kwenye barabara ya kwenda Lamu, kwenye kizuizi, ambapo ofisa mmoja alitaka kuona ndani ya sanduku. Nilitandaza vyuma vyangu chini kimoja kimoja, abiria wote wakichungulia madirishani. Ofisa aliokota spana namba kumi na saba, akaigeuzageuza, akaniuliza kwa upole ambao sikuutarajia, "Wewe ni fundi kweli?" Nikasema kweli. "Basi hebu sikiliza hii pikipiki yangu." Basi zima lilisubiri nikiisikiliza pikipiki ya mtu. Ilikuwa plagi tu. Nilipoisafisha ikawaka, abiria walinipigia makofi, isipokuwa dereva wa basi, ambaye hakuniongelesha tena hadi Mokowe.

Mokowe hadi Amu

Sijui kuogelea. Nawaambia sasa ili msije mkasikia kwa mtu mwingine. Kutoka Mokowe hadi Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe, ni mwendo mfupi wa boti, lakini nilishika ubao kwa mikono yote miwili kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nauzuia usizame. Mama aliyekaa karibu nami alinitazama, akatazama mikono yangu, akasogeza kikapu chake mbali kidogo, nadhani akihofia kwamba nikianguka nitaondoka nacho.

Gatini sanduku langu lilipakiwa juu ya punda. Nikamfuata nikihema. Nilisimama kununua viazi vya karai, vikiwa na ukwaju na pilipili, na yule bibi aliyeviuza akaniuliza kazi yangu.

"Fundi wa magari," nikasema kwa majivuno.

Alisimamisha mwiko. "Magari? Umepotea ndia wewe, bwana. Hapa tuna punda, na punda hawana spana."

Watu wote waliokuwa pale walicheka, na nadhani punda naye alifurahi. Viazi vilikuwa vitamu mno hivi kwamba sikujali. Nilikula sahani tatu nimesimama, nikijisemea kwamba niko katika mji ambao ungeniua kwa njaa kama ningefungua gereji.

Amu hadi Mtangawanda

Nilipouliza boti la Pate linaondoka saa ngapi, nahodha alitazama maji, si saa. Akasema tutaondoka yakijaa. Mimi, mtu wa ratiba, nikamuuliza yatajaa saa ngapi. Akasema yakijaa nitaona. Nikakaa.

Tuliondoka, na kwenye mfereji wa Mkanda, ambapo mikoko inasongana pande zote mbili, tukakwama kwenye tope. Maji hayakuwa yamejaa vya kutosha bado. Nahodha alizima injini, akavuta kofia juu ya macho, akalala. Nikatazama huku na huku kutafuta mtu aliyekasirika tukasirike pamoja, nikamkosa. Mama mmoja alifungua kitambaa, akatoa mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, akanimegea bila kuniuliza jina. Nilisema nimeshiba. Akanitazama kama niliyemtukana, akauacha mkono wake hapohapo hewani hadi nikapokea. Huo ndio ukawa mwisho wa hasira zangu. Tulipokwamuka nilikuwa najua majina ya wajukuu zake wote, na mmoja wao anasumbuliwa na hesabu.

Mtangawanda hadi Chundwa

Lori lilikuwa likinisubiri Mtangawanda, bandari ya kisiwa cha Pate, karibu na gati. Lilikuwa la buluu, kuukuu kama wimbo wa shule, lakini safi kupita kiasi. Hata matairi yalikuwa yameoshwa. Mbele yake alisimama Bi Zuhura, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa Chundwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili.

"Karibu, Bwana Fundi," alisema akitazama sanduku langu. "Umekuya na zuma zote hizi, wataka kutuundia meli?"

Kisha akanieleza bila kupindapinda. Lori lilikuwa la wanawake wa kikundi. Walilinunua kwa jasho lao la nazi na samaki mkavu, lipeleke mizigo gatini na kurudi na bidhaa. Kwa mwaka mzima sasa, kila likifika nusu ya njia, kati ya kijiji cha Siyu na mji wa Pate, linakohoa na kurukaruka.

"Watu wasema Shee ni mtu wa bahari, hana mkono wa gari," aliendelea. "Tumekata shauri. Ijumaa baada ya swala tuna kikao. Ikiwa gari haiyapona, Shee atarudisha ufunguo."

Shee ndiye dereva, na alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alisikia yote. Alikuwa akifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Baadaye mwalimu aliniambia kwamba Shee alikuwa nahodha miaka mingi hadi mgongo ukamtoa baharini, na kwamba kabla ya kupewa lile lori alikuwa mtu wa kukaa barazani akitazama vidole vyake. Ilikuwa Jumatatu. Nilihesabu siku, nikapiga moyo konde.

Tulipofika nusu ya njia, kweli, lori likaanza. Likasita, likaruka, likasita tena, mizigo ikagongana nyuma. Shee aliliweka kando taratibu. Abiria walishuka bila kuambiwa, wakanyanyua mikono, wakasoma Fatiha. Shee alizunguka upande wa tangi akapima dizeli kwa kijiti. Tukangoja kidogo, akawasha, na lori likaenda hadi Chundwa kama halijawahi kuumwa.

"Pale pana wenyewe," abiria mmoja alininong'oneza. Alimaanisha majini, na mimi, mtoto wa kanisa, nikajitia kutosikia.

Nilivyoliponya lori mara mbili

Jumanne nilianza na filta. Niliikuta chafu, nikaibadilisha, nikatoa hewa kwenye mipira ya mafuta. Shee alinihudumia vizuri mno. Nikitaka maji yapo, nikitaka kitambaa kipo. Jambo moja tu hakuniachia: tangi. Alilifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe, nami nikaona ni adabu ya mwenye chombo. Tulilijaribu lori tupu hadi Siyu na kurudi, likapaa. Nikavimba kichwa. Usiku huo Bi Zuhura alinipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na nilikula kama mtu aliyestahili.

Jumatano tukapakia nazi. Nusu ya njia, lori likakohoa.

Sitasahau uso wa Shee. Hakunilaumu. Alisema tu, "Hapa ndipo," akashuka na kijiti chake.

Nilirudi na ghadhabu. Nikafungua nozo zote zinazopulizia dizeli ndani ya injini, nikazisafisha, nikagusa pampu ambayo sikupaswa kuigusa, nikapaka grisi hadi kwenye masikio. Jioni tukalijaribu tena, likapaa tena. Safari hii hakuna aliyenipikia samaki. Nilipewa chai na mahamri, na Bi Zuhura akasema wataona kesho. Nilielewa.

Alhamisi asubuhi, nusu ya njia, palepale. Fatiha ikasomwa, kijiti kikaingia, lori likaondoka. Nilikaa kwenye kiti nikiwa mdogo kama sisimizi. Tulipokuwa tukirudi kutoka gatini likakohoa tena katika eneo lilelile. Mimi nisiyeamini majini nilianza kutafuta mahali pa kuyawekea kwenye maelezo yangu ya kifundi.

Chundwa hadi Siyu, na kurudi, na kurudi

Alhamisi mchana nililala chali chini ya lori, bila spana mkononi, nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya Jumatatu. Niliacha kutengeneza, nikafikiri. Kati ya Siyu na Pate ni katikati ya safari. Ukitoka Chundwa ni katikati, ukitoka Mtangawanda ni katikati. Je, kama tatizo si mahali, bali ni umbali?

Nikamwambia Shee, "Leo hatuendi Pate. Tutakwenda hadi Siyu na kurudi, na kurudi tena, hadi nichoke."

"Na mafuta?"

"Yataisha tu."

Tukaenda Siyu, tukarudi Chundwa, tukageuza bila kushuka, tukaanza tena kuelekea Siyu. Tulipoanza tu kuiacha Chundwa, mita chache kutoka shuleni, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumwona jini isipokuwa mwalimu mkuu akiwa amekasirika, lori likakohoa. Likasita, likaruka. Nikapiga kelele ya furaha, Shee akadhani nimeumia.

"Zima," nikamwambia. "Sasa usishuke. Usiguse kitu. Tukae."

Tukakaa. Wanafunzi wakatoka darasani wakatuzunguka. Tulikaa zaidi ya nusu saa. Akawasha, likawaka, likatembea hatua kumi, likakohoa vilevile. Mara nyingine zote lilipona baada ya kusimama kidogo. Safari hii lilikuwa limesimama muda mrefu zaidi na halikupona. Kwa hiyo kulikuwa na kitu walichokuwa wakikifanya kila wakisimama, ambacho leo hatukukifanya. Walikuwa wakisoma Fatiha, na walikuwa wakipima dizeli. Fatiha haikuwa kazi yangu. Nikaenda kwenye tangi.

Shee alishuka haraka. "Bwana Fundi, niwate nifungue mimi."

"Leo acha mimi."

Nilipozungusha kifuniko, tangi lilivuta hewa kwa kishindo, kama mzamiaji aliyeibuka baada ya kukaa chini muda mrefu. Chini ya kifuniko kulikuwa na nailoni nene, imekunjwa mara mbili, imekazwa shingoni mwa tangi kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Katikati ilikuwa imenyonywa ndani hadi ikawa kama kifuko.

"Shee, hii ni nini?"

"Nailoni."

"Naiona. Inafanya nini hapa?"

"Yazuia mai," alisema, akishangaa kwamba fundi anauliza. Akanieleza kwamba kwao kila kibuyu cha mafuta, yaani dumu, kinachopanda boti hufungwa hivyo, nailoni chini ya kifuniko, kwa sababu tone la maji ya chumvi likiingia, injini inakufia katikati ya mlango wa bahari. "Miaka yote naliyokuwa nahodha, mafuta yangu hayakuingia mai. Nalipopewa hini gari, nikaiangalia kwa ndia iyo hiyo."

Nikamwonyesha tundu dogo kwenye kifuniko, lile tundu ambalo tangi hupumulia. Injini inakunywa dizeli, na mahali pa dizeli lazima paingie hewa. Yeye alikuwa amelikaba tangi koo. Injini inakunywa, inavuta, hadi nusu ya njia haivuti tena. Akifungua kupima, kabla ya kila safari na kila akisimama njiani, tangi linapumua, lori linapona, naye anafunga tena vizuri. Na mimi, fundi mkubwa wa Nakuru, kila nilipotengeneza filta na nozo alikuwa ameshalifungua tangi kabla yangu, nikadhani nimeponya. Majaribio yangu ya Siyu na kurudi mara moja yalikuwa mafupi, lori lilifika nyumbani kabla pumzi haijaisha.

Shee aligusa lile tundu kwa ncha ya kidole.

"La boti lina skrubu ya pumzi juu," alisema polepole. "Huilegeza kabula ya kuondoka. Hiyo naiyua. Ya gari hakuna mtu aloniambia." Kisha akakaa chini mchangani, mbele ya wanafunzi wote. "Mwaka mzima, Bwana Fundi. Mwaka mzima ni mimi."

Ile furaha yangu ya ufundi ilinyauka papo hapo. Kesho ilikuwa Ijumaa. Walisema hana mkono wa gari, na sasa nilikuwa na nailoni mkononi ya kuwathibitishia.

Uani kwa Bi Zuhura

Ijumaa asubuhi tulikwenda gatini na kurudi, na lori limejaa, bila kukohoa hata mara moja. Njiani nilimwambia Shee, "Kwenye kikao niachie mimi. Nitasema ni pampu." Akabadilisha gia. Nikachukulia kwamba amekubali.

Baada ya swala wanawake walijaa uani kwa Bi Zuhura, kwenye mikeka. Shee alisimama karibu na mlango. Niliposema kwamba pampu ilikuwa na uchafu, nimeutoa, na gari limepona, vigelegele vilipanda hadi nikaona haya. Mama mmoja aliniombea dua ya kizazi changu chote. Mambo yalikuwa yamekwisha vizuri, na nilikuwa najipongeza moyoni kwa kumwokoa mtu.

"Si pampu," alisema Shee.

Vigelegele vikakatika. Alitembea hadi katikati ya mikeka, akatoa mfukoni ile nailoni niliyokuwa nimemwachia, akaiweka mbele ya Bi Zuhura. Akaeleza kila kitu: boti, kibuyu, tundu, mwaka mzima. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mimi nilikuwa natafuta pa kuyaweka macho yangu.

Bi Zuhura alinyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Shee akautoa. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Bi Zuhura akaufumbata ufunguo, akanigeukia. Sauti yake ya watu wawili ilikuwa imeshuka, ikawa ya mtu mmoja. "Bwana Fundi, wewe ni mgeni wetu, na umetufaa, sitakuteta. Nakuuliza tu. Kesho gari ikikohoa tena, nimwamini nani? Wewe uloijua kweli ukaifita, au huyu asoijua, alipoijua akaisema?"

Hakungoja jibu. Akamrudishia Shee ufunguo mbele ya wote.

"Shika. Kesho alfajiri kuna nazi. Na Fatiha tutasoma, gari ikohoe isikohoe." Kisha akaokota nailoni, akaipangusa kwenye leso yake. "Hini nipe mimi. Nna chupa ya siki yavuja."

Wanawake walicheka hadi mikeka ikasogea. Shee hakucheka. Aliufunga ufunguo ndani ya kiganja chake kwa mikono miwili, akatoka nje, na nilimwona kupitia mlango ameegemea boneti, ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika.

Chundwa hadi Mtangawanda, mara ya mwisho

Jumamosi Shee alinipeleka gatini, mimi na sanduku langu na nazi zao. Tulipita nusu ya njia, lori likanguruma bila kusita, na abiria wakasoma Fatiha yao wakiwa wamekaa. Nami nikasema amina yangu, ya kikwetu.

Boti lilikuwa tayari, maji yamejaa, kwa hiyo sikuwa na muda wa kupanga maneno. Nilimwambia Shee kwamba namwomba radhi, kwamba nilidhani namsaidia.

"Nayua ulitaka kunistiri," alisema. "Lakini ningaliendesha gari ya watu nimekalia urongo wako. Kila ikikohoa ningaliogopa."

Akanipa mkono. Kisha akapanda, akawasha, akashusha kioo na kunipungia, akaenda kupakua mzigo wake mbele ya ghala, ambako kina mama walikuwa wanamwita kwa jina.